Thaddeus Stevens: wakili aliyeingia bungeni kutafuta theluthi mbili

Tarehe 20 Januari 2025, Rais Donald Trump alitia saini amri ya kuwanyima uraia watoto wanaozaliwa Marekani na wazazi wasio raia wala wakazi wa kudumu. Tangu siku hiyo, kila familia yenye ndugu Minnesota au Texas imesikia tafsiri yake. Kuna anayesema uraia wa kuzaliwa umekwisha. Kuna anayesema ilikuwa sheria ya kawaida tu, rais yeyote anaweza kuifuta. Na mazungumzo yakikolea huzuka swali jingine: huyu rais si alishtakiwa na bunge mara mbili, mwaka 2019 na 2021? Mbona hakuondoka?

Maswali haya mawili yana mzizi mmoja, nao ni hesabu: kura ngapi zinahitajika, katika nyumba ipi ya bunge, kwa jambo gani. Sijaona maisha yanayoieleza hesabu hiyo vizuri kama ya Thaddeus Stevens, wakili wa Pennsylvania aliyegeuka mbunge. Uraia wa kuzaliwa ulipoandikwa katika katiba alikuwapo. Rais wa Marekani aliposhtakiwa bungeni kwa mara ya kwanza, Stevens alikuwa miongoni mwa walioongoza mashtaka.

Tuanze na chombo chenyewe. Bunge la Marekani, yaani Kongresi, lina nyumba mbili. Baraza la Wawakilishi huchaguliwa kila baada ya miaka miwili, na idadi ya wabunge wa kila jimbo hufuata idadi ya watu wake. Seneti ina maseneta wawili kwa kila jimbo, liwe kubwa au dogo, nao hukaa miaka sita. Muswada wa kawaida hupita kwa wingi wa kura katika nyumba zote mbili, kisha huenda kwa rais kutiwa saini. Rais akiukataa kwa kura ya turufu, nyumba zote mbili zinaweza kumshinda kwa theluthi mbili. Kubadili katiba ni kazi ngumu zaidi: theluthi mbili ya kila nyumba, halafu robo tatu ya majimbo yaridhie. Hapo saini ya rais haihitajiki kabisa.

Mwanachama yeyote wa kikoba analijua hili. Mwenyekiti ana madaraka ya kuitisha kikao na kusimamia mikopo, lakini hawezi kuamka asubuhi akatuma ujumbe kwenye kundi kwamba kifungu cha nne cha katiba ya kikundi kimefutwa. Anaweza kuutuma, na baadhi ya watu watababaika. Kifungu bado kipo.

Kesi aliyoshinda

Stevens alizaliwa tarehe 4 Aprili 1792 huko Danville, Vermont, akiwa na mguu kifundo, yaani uliopinda tangu kuzaliwa, uliomfanya achechemee maisha yake yote. Baba aliitelekeza familia. Mama yake, Sarah, alibaki na watoto wanne wa kiume na akafanya kazi ngumu mpaka Thaddeus akasoma chuo cha Dartmouth, akahitimu mwaka 1814. Baadaye alihamia Pennsylvania, akafundisha shule huku akisomea sheria, na mwaka 1816 akafungua ofisi ya uwakili katika mji mdogo wa Gettysburg. Wakati huo mji huo haukuwa na sifa yoyote. Vita vilivyoupa jina vilikuwa bado miaka 47 mbele.

Kesi moja ya miaka ile ya mwanzo inastahili kutazamwa kwa karibu. Pennsylvania ilikuwa na sheria ya mwaka 1780 ya kuuondoa utumwa polepole. Kifungu chake kimoja kilisema kwamba mtumwa aliyeletwa kutoka nje na kukaa ndani ya jimbo zaidi ya miezi sita anakuwa huru. Charity Butler, mwanamke aliyekuwa mtumwa Maryland, ng'ambo tu ya mpaka, alipelekwa Pennsylvania mara kadhaa akimfuata bibi aliyekuwa akimtumikia. Ukijumlisha siku zote za safari zile, zilipita miezi sita. Alienda mahakamani kudai uhuru wake na wa watoto wake.

Stevens alikuwa wakili wa upande wa pili, wa mwenye mtumwa. Hoja yake ilikuwa kwamba miezi sita lazima iwe mfululizo, na safari fupifupi hazijumlishwi. Mwaka 1821 Mahakama Kuu ya Pennsylvania ilikubaliana naye, na Charity Butler akabaki mtumwa pamoja na wanawe.

Naileta kesi hii kwa sababu wanaomsifu Stevens huiruka, na wanaomchukia huishia hapo. Inaonyesha jambo ambalo wakili yeyote mwaminifu atakubali: mahakama hupima maneno yaliyoandikwa, na maneno yakiacha mwanya, mwenye wakili hodari hupita hapo. Miaka iliyofuata Stevens alisimama upande wa watumwa watoro, akitumia ujuzi uleule wa kusaka mianya. Jina lake likaanza kutajwa kwa hofu na wenye watumwa wa Maryland.

Siasa alianzia katika bunge la jimbo, alikochaguliwa mwaka 1833. Mwaka 1834 Pennsylvania ilikuwa imepitisha sheria ya shule za umma zisizo na ada, na wenye mali walikasirika kutozwa kodi ya kusomeshea watoto wa wengine. Seneti ya jimbo ilikwisha piga kura kuifuta. Aprili 1835 Stevens, mtoto wa mama fukara, alisimama na kutoa hotuba iliyogeuza kura za Baraza, na sheria ikanusurika. Yeye mwenyewe aliihesabu kazi hiyo kuwa miongoni mwa kazi zake bora. Miaka miwili mitatu baadaye mkutano wa katiba ya jimbo uliamua kwamba haki ya kupiga kura ni ya wanaume weupe tu. Stevens, aliyekuwa mjumbe, alikataa kutia saini.

Alihamia Lancaster mwaka 1842 akiwa na madeni ya biashara ya kuyeyusha chuma, na mwaka 1848 akachaguliwa kwa mara ya kwanza kuingia Baraza la Wawakilishi la taifa. Mwaka 1850 bunge lilipitisha sheria kali ya watumwa watoro iliyomlazimu raia wa kaskazini kusaidia kumkamata mtoro akiamriwa. Stevens aliipinga bila kuficha.

Sheria hiyo ilimfuata nyumbani. Tarehe 11 Septemba 1851, katika kijiji cha Christiana kwenye wilaya ileile ya Lancaster, mwenye watumwa wa Maryland, Edward Gorsuch, alikuja na ofisa wa serikali kuwachukua watoro. Watu weusi wa hapo walipambana, na Gorsuch akauawa. Serikali iliwashtaki watu 38 kwa uhaini. Wa kwanza kupandishwa kizimbani Philadelphia alikuwa Castner Hanway, msaga nafaka mweupe ambaye kosa lake hasa lilikuwa kukataa kumsaidia ofisa. Stevens alikuwa katika jopo la mawakili wake. Raia 12 walioamua kesi walitumia kama robo saa tu kumwachia huru.

Ushindi mkubwa, lakini sheria ya 1850 ilibaki vilevile siku iliyofuata. Kwa macho yangu, hapa ndipo mtu anaelewa kwa nini wakili mwenye wateja wa kutosha alirudi kugombea ubunge. Mahakamani aliokoa mtu mmoja mmoja. Yale maneno yaliyowaleta mahakamani yaliandikwa Washington.

Orodha ya majina, Desemba 1865

Alirudi bungeni mwaka 1859, akiwa na miaka 67, sasa kwa tiketi ya chama kipya cha Republican. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza mwaka 1861 aliongoza kamati ya Baraza inayoshughulikia kodi na mapato, kwa hiyo fedha za vita zilipitia mezani kwake: mikopo, kodi ya mapato, na noti za kijani za serikali za mwaka 1862. Juni 1863 askari wa kusini waliichoma karakana yake ya chuma ya Caledonia, kusini mwa Pennsylvania, siku chache kabla ya mapigano ya Gettysburg.

Aprili 1865 vita viliisha na Abraham Lincoln akauawa. Makamu wake, Andrew Johnson wa Tennessee, akawa rais. Desemba mwaka huo Marekebisho ya 13 ya katiba yakaanza kazi, na utumwa ukapigwa marufuku nchi nzima. Wengi hudhani hadithi inaishia hapo. Kumbe hapo ndipo hesabu ilipogeuka kuwa hatari.

Katiba ya awali ilisema kwamba katika kugawa viti vya Baraza, watumwa watano wahesabiwe kama watu watatu. Utumwa ulipokwisha, kila aliyekuwa mtumwa alihesabiwa mtu mzima. Maana yake, majimbo ya kusini yaliyoasi na kushindwa vitani yangerudi bungeni na viti vingi kuliko walivyokuwa navyo kabla ya kuasi, huku watu walioongeza viti hivyo wakinyimwa kura. Stevens alipiga hesabu mbele ya wenzake: Kusini ingekuwa na wabunge 83, na wakiungana na washirika wao wa kaskazini wangetawala bunge. Nani angewazuia kurudisha utumwa kwa jina jingine? Mississippi ilikwisha anza. Sheria zake za Novemba 1865 zilimlazimu mtu mweusi kuwa na mkataba wa kazi kila Januari, la sivyo akamatwe kama mzururaji.

Bunge lilifunguliwa tarehe 4 Desemba 1865. Katiba inaipa kila nyumba mamlaka ya kuamua uhalali wa wajumbe wake, na Stevens alikuwa amekwisha panga na wenzake. Karani wa Baraza, Edward McPherson, kijana wa Gettysburg aliyelelewa kisiasa na Stevens, alianza kuita majina jimbo baada ya jimbo. Alipofika majimbo ya kusini akayaruka. Horace Maynard wa Tennessee, ambaye hakuwahi kuunga mkono uasi, alisimama akitaka kusema. Karani akakataa kumsikiliza, kwa sababu asiye katika orodha hana nafasi ya kusema. Viti vya Kusini vikabaki vitupu, na upande wa Stevens ukawa na njia ya kufikia theluthi mbili. Wiki chache baadaye Georgia ilimchagua Alexander Stephens, aliyekuwa makamu wa rais wa waasi, kuwa seneta wake. Naye hakuingia.

Mtu anaweza kuuliza kama ilikuwa haki kumfungia mlango Maynard. Nakubali kwamba kwake ilikuwa dhuluma. Lakini sioni njia nyingine ambayo ingeleta yaliyofuata.

Marekebisho ya 14, na nani aliandika nini

Stevens aliongoza upande wa Baraza katika kamati ya pamoja ya wabunge 15 iliyoandaa Marekebisho ya 14. Mara nyingi husemwa kwamba yeye ndiye aliyeandika uraia wa kuzaliwa. Sivyo. Maneno ya kifungu cha kwanza kuhusu usawa mbele ya sheria ni kazi ya John Bingham, wakili mwingine aliyekuwa mbunge, wa Ohio. Sentensi ya uraia iliongezwa Seneti na Jacob Howard wa Michigan. Stevens alikuwa msimamizi: alizikusanya kura, akauvusha mswada. Seneti ilipitisha kwa kura 33 dhidi ya 11 tarehe 8 Juni 1866, na Baraza kwa 120 dhidi ya 32 siku tano baadaye. Majimbo ya kutosha yaliridhia kufikia tarehe 9 Julai 1868.

Sentensi yenyewe inasema kwamba watu wote waliozaliwa au kupewa uraia ndani ya Marekani, na walio chini ya mamlaka yake, ni raia wa Marekani na wa jimbo wanamoishi. Mabishano ya leo yote yako kwenye yale maneno ya katikati, "chini ya mamlaka yake". Wanaotetea amri ya 2025 wanadai yanamtoa mtoto wa mgeni wa muda au asiye na hati. Wanaoipinga wanasema mgeni yeyote aliyekanyaga nchi anafungwa na sheria zake, na wanaoachwa nje ni wachache mno, kama watoto wa mabalozi. Mwaka 1898 Mahakama Kuu iliamua kesi ya Wong Kim Ark, aliyezaliwa San Francisco na wazazi Wachina ambao sheria ya wakati huo iliwakataza kuwa raia. Mahakama ikasema yeye ni raia. Ndiyo maana amri ya 2025 ilisimamishwa na jaji mmoja huko Seattle ndani ya siku tatu na kuanza safari ya mahakamani. Rais anaweza kudai tafsiri mpya, lakini maneno yenyewe hana uwezo wa kuyafuta.

Dhana nyingine ya kurekebisha: Marekebisho ya 14 hayakuwapa watu weusi kura. Yalisema tu kwamba jimbo linalowanyima wanaume kura litapunguziwa viti. Katazo la wazi la kumnyima mtu kura kwa sababu ya rangi lilikuja na Marekebisho ya 15, mwaka 1870. Stevens alijua upungufu huo. Siku ya kura ya mwisho aliwaambia wenzake kwamba alitamani mengi zaidi, na akajiuliza mwenyewe kwa nini basi anakubali pendekezo lenye kasoro namna hiyo. Jibu lake: kwa sababu naishi kati ya wanadamu, si kati ya malaika.

Rais aliyeponea kura moja

Johnson alipinga karibu kila hatua. Alizipiga turufu sheria za kuwalinda waliotoka utumwani, na bunge likamshinda kwa theluthi mbili mara kwa mara, pamoja na sheria ya Machi 1867 iliyoigawa Kusini katika kanda tano za kijeshi na kuyataka majimbo yaandike katiba mpya zenye kura ya wanaume weusi. Februari 1868 Johnson alimfukuza waziri wa vita, Edwin Stanton, kinyume na sheria iliyomtaka apate ridhaa ya Seneti. Tarehe 24 Februari Baraza lilipiga kura 126 dhidi ya 47 kumshtaki.

Hapa ndipo vichwa vya habari huwachanganya watu. Kura ya Baraza ni ya kufungua mashtaka, na wingi wa kawaida unatosha. Baada ya hapo Seneti hukaa kama mahakama, na kumwondoa rais kunahitaji theluthi mbili. Wakenya waliliona hili Oktoba 2024: Bunge la Taifa lilipiga kura dhidi ya Naibu Rais Rigathi Gachagua, lakini aliendelea kuwa na cheo mpaka Seneti ilipoisikiliza kesi yake na kuamua siku chache baadaye. Kwa Trump, mwaka 2021 maseneta 57 kati ya 100 walimwona na hatia. Zilihitajika 67.

Kwa Johnson, Seneti ilikuwa na maseneta 54, kwa hiyo 36 walihitajika. Stevens, mmoja wa wabunge saba waliopewa kazi ya kuendesha mashtaka, alikuwa mgonjwa kiasi cha kubebwa kwenye kiti kuingia ukumbini. Mei 1868 maseneta 35 walisema ana hatia na 19 wakasema hana, saba kati yao wakiwa wa chama cha Stevens mwenyewe. Johnson alimaliza muhula wake. Mpaka leo hakuna rais wa Marekani aliyeondolewa kwa njia hiyo.

Ekari 40

Huu ndio msiba mkubwa wa maisha yake, na ndio usiotajwa sana. Septemba 1865, akihutubia Lancaster, Stevens alipendekeza serikali itwae mashamba ya vigogo wa uasi, watu wapatao 70,000, na kila mwanamume mzima aliyetoka utumwani apewe ekari 40. Aliamini kwamba kura bila ardhi ingenyang'anywa, kwa sababu mtu anayelala kwenye shamba la bwana wake wa zamani atapiga kura anavyotaka bwana.

Wengi hudhani bunge liliahidi ekari hizo kisha likavunja ahadi. Ahadi iliyotekelezwa kwa muda ilikuwa amri ya kijeshi ya Jenerali William Sherman, ya Januari 1865, kwa ukanda wa pwani ya South Carolina, Georgia na Florida. Johnson aliitengua na mashamba yakarudi kwa wenyewe wa zamani. Stevens alileta mswada wa ardhi Machi 1867. Wenzake waliokuwa tayari kubadili katiba hawakuwa tayari kugusa mali ya mtu, na mswada haukupita.

Alifariki usiku wa tarehe 11 Agosti 1868. Mwili wake uliwekwa chini ya kuba la Kongresi, ukilindwa na askari weusi, kisha ukazikwa Lancaster katika makaburi aliyoyachagua kwa sababu hayakubagua rangi, kama alivyotaka iandikwe juu ya kaburi lake. Kusini, waliotoka utumwani walilima mashamba ya watu kwa kugawana mavuno, na kabla ya karne kwisha wengi walikuwa wamepoteza ile kura pia. Maneno ya usawa yalilala katika katiba hadi mawakili wa karne ya 20 walipoyaamsha, hasa Thurgood Marshall, aliyeyatumia mwaka 1954 kuangusha ubaguzi wa shule.

Marshall huyohuyo, kwa mwaliko wa mwanasiasa wa Kenya Tom Mboya, alikuwa London Januari 1960 kama mshauri wa wajumbe Waafrika wa Kenya kwenye mazungumzo ya katiba katika jumba la Lancaster House. Aliwaandalia rasimu ya haki za msingi. Ndani yake alitaja usawa, elimu na kura, na akaweka pia ulinzi kwa mali za walowezi: ardhi isitwaliwe bila fidia ya haki. Rasimu yake haikupitishwa kama ilivyo. Lakini uhuru ulipofika mwaka 1963, katiba ya Kenya ililinda mali za walowezi, na mashamba ya Nyanda za Juu zilizokuwa za Wazungu yalihamia mikono ya Waafrika kwa kununuliwa, mengi kwa mikopo.